Mafolowa Mamilioni, Kituo Kimeambulia Patupu: Jumanne ya Kutoa Sio Siku ya Kiki

Ikifika mwisho wa Novemba stori ni ile ile. Msimu uliopita staa mmoja mkubwa tu wa hapa mjini, yule wa nyimbo za mapenzi na magari ya bei mbaya, aliibuka saa tatu usiku na posti ya kituo cha watoto. Picha kali, machozi kidogo, "tuwashike mkono wadogo zetu", halafu namba ya simu chini. Laiki zikamwagika. Mikono ya dua ikajaa kwenye komenti. Hela sasa! Watu wa karibu na kituo wanasema kilichoingia hakikutosha hata sare za darasa moja.

Kesho yake chawa wake wakaja juu: Wabongo wachoyo, wanajua kulaiki tu. Jamani, hapo mnatuonea. Wabongo hawa hawa ndio wanaochanga harusi mpaka ukumbi unabaki na vyakula. Shida sio uchoyo, shida ni maandalizi.

Kwanza tuwekane sawa kuhusu hii siku. Giving Tuesday, yaani Jumanne ya Kutoa, ilianzia New York mwaka 2012, pale 92nd Street Y, wakishirikiana na United Nations Foundation. Wamarekani wana sikukuu yao ya Shukrani, Alhamisi ya nne ya Novemba. Ijumaa inayofuata ni fujo za punguzo la bei, Jumatatu ni manunuzi ya mtandaoni. Wakasema basi, Jumanne iwe ya kutoa. Ndio maana kila mwaka inaangukia kati ya tarehe 27 Novemba na 3 Desemba. Leo inafanyika nchi nyingi, Tanzania na Kenya zikiwemo.

Kwa Bongo tarehe hizo zimekaa vizuri sana. Wengi wenye ajira mshahara umeshasoma, Krismasi haijaanza kula hela, na Januari ya shule inapiga hodi. Tarehe inajulikana mapema, haimvizii mtu. Sasa inakuwaje taasisi inakumbuka Jumatatu usiku?

Hebu waangalie watu wa harusi. Kuna mtu anatangaza mchango leo na ndoa kesho? Hakuna. Miezi kabla kuna kamati, kuna mwenyekiti, kuna mweka hazina. Kuna grupu la WhatsApp na orodha ya majina, kila mtu na ahadi yake. Anayechelewa anakumbushwa kwa adabu mpaka anapunguza. Mwishoni kamati inavunjwa, mahesabu yanasomwa, watu wanapewa asante. Hii elimu tunayo wote, ila ikija kwenye kituo cha watoto tunaiacha nyumbani.

Turudi kwa staa wetu. Ile namba aliyoweka ilikuwa ya meneja wake. Na kila mtu anajua, ukituma hela kwa simu, kabla hujaweka namba ya siri linatokea jina la anayepokea. Mtu ameguswa, ameandika elfu tano yake, anaona jina la jamaa asiyemjua. Matapeli walivyojaa mjini, nani ataendelea? Watu waliishia hapo hapo. Lipa namba yenye jina la kituo ingewapa moyo, lakini makaratasi yake hayaanzi kufuatiliwa saa tatu usiku. Yanaanza Septemba, na cheti cha usajili mkononi.

Halafu "tuwasaidie watoto" ni kiasi gani? Mtu mwenye buku mbili anajiona hana maana kwenye shughuli ya staa. Lakini mwambie: tunatafuta viatu vya watoto 40 wanaoanza shule Januari, jozi moja elfu 15, jumla laki sita. Hapo anajua pa kushika. Atachukua jozi moja, au atatafuta wenzake wawili wagawane, kila mmoja elfu tano.

Kuna dada mmoja wa Mwanza, anauza keki, mafolowa wake hata elfu kumi hawafiki. Yeye na kituo anachokisaidia walianza mapema. Wakaandika majina ya wateja wake na watu waliowahi kutoa chochote. Wakawatafuta mmoja mmoja kwa meseji, kwa jina, wiki tatu kabla. Wengine wakaahidi watatuma asubuhi, ili siku ianze na kitu tayari kwenye hesabu. Siku yenyewe yeye kazi yake ilikuwa kutaja imefika ngapi na imebaki ngapi. Jioni lengo limetimia. Januari akaposti risiti ya duka na picha ya viatu vyenyewe vimepangwa mstari. Sura ya mtoto hata moja hukuiona, na hakuna aliyeuliza hela imekwenda wapi.

Wapo watakaosema bora hata huyo staa aliyeposti, kuliko wanaokaa kimya. Hiyo ingekuwa kweli kama posti ingekuwa bure. Muulize mama mlezi wa kile kituo. Mtaa mzima uliiona ile posti, na mtaa mzima ukaamini kituo kimevuta mamilioni. Mwenye duka aliyekuwa anawakopesha unga akataka deni lake lote. Waliokuwa wanapeleka mchele kimya kimya wakaona hawahitajiki tena. Staa amepata laiki zake na kuendelea na maisha, mama kabaki na watoto, deni na maswali.

Kwa hiyo mastaa, kama mna nia, ingieni kwenye kamati mapema. Ulizeni kituo kinahitaji nini, hakikisheni namba ina jina lake, tajeni kiasi, na toeni wa kwanza nyie wenyewe watu waone. Na nyie wenye vituo, staa akija Jumatatu usiku na kamera yake, mkaribisheni chai, mwambieni aje Septemba. Kukataa posti kunauma, lakini kupoteza watu wanaokuletea mchele kunauma zaidi.

Na sisi tunaoshika simu tuache kulipa kwa emoji. Ukiona namba, angalia jina. Ukituma, dai mrejesho. Sio umbea huo, ni haki yako.

Haya wadau, uwanja wenu: staa anayeposti bila maandalizi anasaidia au anaharibu? Shusha komenti yako hapo chini.