Bomba la Moshi na Uhai wa Jamaa

Motokaa yenye bomba la moshi lililotoboka huwachekesha watu. Ikipita Mulongwe, watoto huiga ngurumo yake. Ikifika Kalundu, watu huulizana kama ni motokaa au ni ndege. Mwenyewe hucheka pamoja nao na kusema, "Kelele haiui." Sisi pia tuliwahi kusema hivyo, na leo twaona haya kuyakumbuka maneno hayo.

Jioni moja tulikuwa tukirudi Uvira kutoka Kamanyola, watu saba katika motokaa ndogo, watatu wao watoto. Siku chache kabla ya safari ile tulikuwa tumelitengeneza bomba la moshi sisi wenyewe nyumbani. Tulilizungushia bati la kopo la maziwa, tukalifunga kwa waya, tukajisifu kwamba tumeokoa fedha. Tulipopita Luvungi mvua ilianza, tukafunga madirisha yote. Kabla ya kufika Sange kichwa kilituuma; watoto walisinzia, nasi tukadhani ni uchovu wa njia. Mama mmoja akaanza kutapika. Kwa neema ya Mungu alikuwamo muuguzi. Aliwatikisa watoto, akaona hawaamki upesi, akapaza sauti: "Mwalimu, simamisha! Fungueni milango, tutoke sote!" Tulisimama mvuani hata watoto wakaanza kulia, na kilio kile tulikishukuru. Tulipoinama kutazama chini ya motokaa, bati letu lilikuwa limekwisha kuanguka, na sakafu ilikuwa na tundu la kutu.

Ni nini kilichotaka kutuua? Injini ichomapo mafuta hutoa hewa ya sumu iitwayo monoksidi ya kaboni. Haina rangi wala harufu. Harufu ya moshi tuisikiayo ni ya vitu vingine, kwa hiyo asiwepo mtu wa kusema, "Sisikii harufu, basi ni salama." Sumu hii ikiingia mapafuni hushikamana na damu kwa nguvu ipitayo ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hata damu ikashindwa kuchukua hewa ya uhai. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu, hutapika, husinzia, kisha haamki. Watoto wachanga na mama wajawazito wamo hatarini zaidi. Tena sumu hii haichagui mwenye elimu: Émile Zola, mwandishi mashuhuri wa Ufaransa, alikufa kwayo chumbani mwake Paris mwaka 1902, kwa sababu dohani la moto wake lilikuwa limeziba. Basi jenereta au jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa ni adui yule yule.

Huenda mtu akauliza kwa nini bomba la chuma huoza upesi hivi. Lita moja ya petroli ikiungua huzaa karibu lita moja ya maji, ambayo hutoka kama mvuke. Motokaa iendayo safari fupi fupi, kama kutoka Kavimvira hadi sokoni na kurudi, haipati muda wa kulipasha bomba moto hata likakauka. Maji hubaki ndani ya sailensa, yaani lile kopo kubwa lipunguzalo kelele, na kutu hula kutoka ndani kwenda nje. Ongezeni mawe ya barabara, matope, na maji ya mito yetu, kama tulivyoona Aprili 2020 Mto Mulongwe ulipofurika na kuua watu wengi mjini. Basi bomba laweza kuonekana zima kwa nje, kumbe limekwisha.

Je, baba wa jamaa aweza kulibadilisha mwenyewe nyumbani? Sailensa na bomba la nyuma, vikiwa vimefungwa kwa bolti, aweza, akiwa na subira. Viungo vilivyo karibu na injini amwachie fundi.

Kwanza, motokaa iwekwe mahali tambarare, nje, si ndani ya banda, na magurudumu yazuiliwe kwa mawe. Jeki ni ya kuinulia tu. Asiingie mtu chini yake kabla motokaa haijakalishwa juu ya vigingi madhubuti vya chuma. Matofali hupasuka ghafula, nayo yamewaacha wajane. Pili, bomba lipoe kabisa, na bolti zenye kutu zitiwe mafuta tangu usiku wa jana ili zisikatike. Mfanyaji avae miwani, maana kutu huanguka machoni.

Tatu, gasketi ya zamani isirudishwe, inunuliwe mpya. Bomba jipya litundikwe kwanza kwenye mipira yake yote, bolti zikazwe kidogo, kisha zikazwe kabisa kuanzia mbele kwenda nyuma. Lisiguse mrija wa mafuta wala wa breki, na mwisho wake utokeze nje ya mwili wa motokaa. Nne, kabla bomba halijapata moto, viungo vipakwe maji ya sabuni na injini iwashwe: penye mapovu ndipo penye ufa. Na matundu ya sakafu yazibwe siku hiyo hiyo.

Asichomelee mtu bomba karibu na tangi la mafuta. Ndugu zetu wa Sange hawahitaji kufundishwa jambo hili: tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka kwao, likalipuka, na watu zaidi ya 200 wakafa.

Liko na shauri jingine baya. Motokaa nyingi za petroli za siku hizi zina kopo la pili karibu na injini, lenye madini ya thamani kama platini, ambalo hugeuza sehemu kubwa ya sumu hii kabla haijatoka. Watu hulikata wakauza madini, wakaweka bomba tupu. Fedha hiyo mwenye motokaa huila mara moja, na jirani zake huivuta sumu kila siku.

Twajua sailensa mpya ni ghali, na ada ya shule ya watoto haingoji. Lakini dereva apakiaye abiria huku akijua bomba lake limetoboka, huyo na aitafakari amri ya tano. Medali ya Mtakatifu Kristofa iliyo mbele ya usukani ni kitu chema, nasi tunayo. Siku ile tulikuwa nayo pia. Haikuziba tundu letu, maana kazi hiyo Mungu alikuwa ameiacha mikononi mwetu.

Basi kabla ya safari ijayo, inameni mtazame chini. Na mkiwa njiani, vichwa vikiwauma watu wawili au watatu pamoja, msingoje kufika: simameni, tokeni nje, na aliyelegea apelekwe hospitali upesi apewe oksijeni.