Uzito wa Gitaa Si Sauti Yake



Mwaka jana wanafunzi wetu wa hapa Bukavu walichanga fedha kidogo kidogo, muda wa miezi minne, wapate kutengenezewa gitaa la kwaya yao. Wakatuuliza: "Mwalimu, tununue mbao gani?" Tukawajibu bila kusita: "Muvula. Ni mti mzito, na mlango wa muvula hudumu miaka mingi."

Seremala wa Kadutu alifanya kazi safi. Gitaa liling'aa, likawa zito kama kinu. Lakini lilipopigwa, sauti yake haikufika benchi la tatu. Watoto wakamlaumu seremala. Yatupasa kukiri wazi: kosa halikuwa lake, lilikuwa letu. Tulichagua mbao za mlango, wala si za gitaa.

Tangu hapo tumejifunza. Uzi wa gitaa ni mwembamba mno, peke yake hauwezi kusukuma hewa nyingi. Uzi hutikisa daraja lake, daraja hutikisa ubao wa mbele, na ubao huo ndio usemao. Ukiwa mzito, nguvu ndogo ya uzi huishia humo, mfano wa mtoto asukumaye lango la chuma. Basi hutakiwa ubao mwepesi, tena mkakamavu, kwa maana nyuzi sita za chuma huuvuta kwa nguvu ipitayo uzito wa kilo 60. Ndiyo sababu mafundi wa Ulaya na Marekani hupenda mti wa sprusi, wa jamii ya misonobari. Huupiga randa hata ubaki unene wa milimita 3 hivi, kisha huubandika fito nyembamba kwa ndani ili usipinde.

Na mgongo na mbavu, je? Mwaka 1862 Antonio de Torres, fundi wa Hispania, alitengeneza gitaa ambalo mgongo na mbavu zake zilikuwa za karatasi nene, ila ubao wa mbele ulikuwa wa mti mwepesi. Nalo likaimba. Tena mwaka 2018 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, walitangaza jaribio la magitaa sita yaliyotofautiana kwa mti wa mgongo na mbavu tu, mengine ya mti ghali, mengine ya mti wa bei nafuu. Wapigaji 52 waliyapiga pasipo kuyaona vema, wakayapa sifa karibu sawa.

Wazee wetu wa Bushi hawakusoma habari hizo. Hata hivyo, walipochonga lulanga, waliukomba mti ukawa kama sinia, ndipo wakaupitishia uzi juu yake.

Basi, vijana, mkitaka gitaa, tafuteni kwanza ubao wa mbele. Uwe mkavu kabisa, maana ubao mbichi hupasuka kiangazi. Ushikeni kwa vidole viwili karibu na sikio, mkaugonge. Ukilia, ni mwema. Ukinyamaza, mwachieni mtengeneza milango.

Seremala yule hakuweka kinyongo. Alibandua uso wa muvula, akatia ubao mwepesi wa msonobari uliotoka katika kasha kuukuu. Sasa gitaa lasikika hata mlangoni. Malipo ya kazi hiyo ya pili hatukuwadai watoto, tuliyatoa sisi.