Stika ya bei nafuu na pikipiki ya mjane



Alitujia mama mmoja, jirani yetu wa siku nyingi, akiwa na bahasha mkononi. Baada ya kumaliza eda alichukua fungu lake la mirathi, akaongeza fedha za upatu, akanunua pikipiki mpya na kumkabidhi kijana wa mtaani kwa mkataba: kila siku alete hesabu, na baada ya miezi 18 chombo kiwe chake. Mwezi wa nne haujaisha, kijana akateleza kwenye lami yenye mvua na kuingia ubavuni mwa daladala. Alhamdulillah, alitoka na mkono uliovunjika tu. Pikipiki ilitoka chuma chakavu. Mama akaenda kwa wakala aliyemkatia bima, moyo ukiwa umetulia kwa kuwa alikwisha kulipa. Wakala akamjibu kwa upole: "Mama yangu, hii ni bima ndogo. Inamlipa uliyemgonga. Wewe haikulipi kitu."

Na kweli, mwenye daladala alilipwa ubavu wake.

Tuliisoma hati iliyokuwa ndani ya bahasha. Mama hakudanganywa, kila alichoambiwa na wakala kimeandikwa humo. Ila siku ya kulipa hakuna aliyemsomea, naye hakuuliza, kwa sababu kijana alikwisha kumwambia kuwa la muhimu ni stika, trafiki wasiwasumbue. Hivi ndivyo familia zetu nyingi zinavyonunua bima: kwa kumwogopa askari wa barabarani, si kwa kuutazama msiba unaoweza kuingia nyumbani.

Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inamlazimisha mwenye chombo kuwa na bima ya mtu wa tatu, hiyo tuiitayo bima ndogo. Lengo lake ni yule aliyegongwa. Jambo hili lisitushangaze sisi Waislamu, kwani Suratun-Nisaa, aya ya 92, inamwajibisha aliyeua kwa bahati mbaya kutoa diya kwa watu wa marehemu, na wanafiqhi wameeleza jinsi jamaa za muuaji, yaani aqila, wanavyochangiana kuibeba. Haki ya maiti wa barabarani haifutwi na umaskini wa aliyemgonga. (Kafara, yaani kufunga miezi miwili mfululizo kwa asiyepata mtumwa wa kumwacha huru, inabaki shingoni mwa dereva mwenyewe. Hakuna kampuni iwezayo kumfungia.)

Basi bima ndogo ni haki ya wengine. Swali la kiwango cha bima linaanzia hapo: haki yako wewe, na ya watoto unaowalea kwa hesabu ya pikipiki ile, imelindwa na nani?

Ipo bima ya kati, inayoongeza moto na wizi juu ya bima ndogo. Ipo pia bima kubwa, inayoongeza uharibifu wa chombo chako hata kama kosa ni la dereva wako, na ada yake hukokotolewa kwa asilimia ya thamani ya chombo. Mama yetu angeikata hii, ajali ile isingemwacha mikono mitupu. Lakini hatusemi kila mtu aikimbilie. Chombo kinapofanywa bodaboda kutwa kucha huchakaa upesi, na kikiharibika chote kampuni hulipa thamani yake ya siku ya ajali, si bei ya dukani. Pikipiki ya miaka mitatu, iliyokwisha kurudisha mtaji, pengine inatoshwa na bima ndogo pamoja na akiba ya matengenezo. Pikipiki mpya ambayo ndiyo mali yote ya mjane haitoshwi.

Wengine, wakitaka kupunguza ada, hutaja thamani ndogo. Tuchukue mfano wa pikipiki ya shilingi 2,800,000 iliyoandikishwa kuwa ya 1,400,000. Ikipata uharibifu wa 400,000, kampuni inaweza kusema kuwa uliikatia bima nusu yake tu, hivyo italipa 200,000. Na hapo bado haijaondoa kile kiasi cha kwanza cha hasara ambacho mikataba mingi humwachia mwenye chombo ajibebee mwenyewe. Uliza kiasi hicho kabla ya kulipa. Uliza pia kama abiria wako yumo, na kama dereva mwenyewe yumo, maana hata bima kubwa mara nyingi haimtibu dereva asipoongezewa bima ya ajali binafsi. Kijana yule mkono wake umetibiwa kwa michango ya kijiwe.

Lipo kosa jingine linalotusikitisha zaidi kwa kuwa limechanganyika na uongo: kuikatia bodaboda bima ya matumizi binafsi, ili ada ipungue. Siku ya ajali, na abiria amelala chini, udanganyifu huo hauna pa kujificha. Vivyo hivyo dereva asiye na leseni ya daraja lake, au aliyepakia mishikaki. Kampuni ikikataa kumlipa mwenye chombo kwa sababu hizo, asiseme amedhulumiwa.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wasomaji wetu hulileta mara kwa mara. Baraza la Fiqhi la Kiislamu lilipokutana Jeddah mwaka 1985 lilitamka kuwa bima ya kibiashara yenye ada maalumu ina gharari inayoharibu mkataba, likaelekeza kwenye bima ya kushirikiana. Wapo wanazuoni wanaoona kuwa bima ndogo, kwa kuwa dola imeilazimisha, mtu huingia kwa dharura na asipindukie hapo. Mwenye kuushika msimamo huu tunamheshimu. Lakini kujizuia na bima kubwa hakujaiondoa hatari, kumemrudishia mwenyewe. Wanafiqhi wanasema aliyekodi ni mwaminifu, halipi kilichoharibika ila akizembea au akivuka mipaka. Kwa wanaoihesabu mikataba ya bodaboda kuwa ni ijara, hasara ya ajali isiyo ya uzembe ni ya mwenye pikipiki, na kumkamata kijana alipe si haki. Basi huyo anayeishia bima ndogo kwa ajili ya dini yake atenge sehemu ya hesabu ya kila wiki, isiguswe.

Njia nyingine ni takaful, ambamo washiriki huchangia mfuko kwa nia ya kusaidiana, mfuko ukabaki kuwa wao, na msimamizi akalipwa ujira wake. Sudan ilianza nayo mwaka 1979. Kwetu, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima imekwisha kuipa miongozo, na Shirika la Bima la Zanzibar linaitoa. Hata huko viwango vipo vilevile, na maswali ya thamani, abiria na dereva ni yaleyale. Jina la Kiarabu juu ya hati halikuondolei kazi ya kuisoma.

Mama alikaa kwetu mpaka alasiri. Ameazima kwa kaka yake, na pikipiki ya pili inanunuliwa inshaallah baada ya Ramadhani, ya mtumba, kwa kijana yuleyule mkono wake ukishapona. Safari hii kadi itakuwa kwa jina la mama, maana ile ya kwanza ilikuwa bado ya muuzaji, jambo ambalo nalo lingemtia matatani kama angekuwa na dai. Tumemwandikia maswali manne kwenye karatasi ya daftari la mjukuu wake ampelekee wakala. La mwisho ameliongeza yeye mwenyewe: "Na kikiibwa na niliyemkabidhi, je?"