Mtoto asiyekula ngano naye ale pai ya Krismasi

Desemba ni mwezi mgumu kwa mzazi mwenye mtoto anayeugua siliaki. Chapati, maandazi, sambusa, keki, biskuti za wageni, tambi za sukari: karibu kila kinachotoka jikoni wakati wa sikukuu kimetengenezwa kwa ngano, na kila shangazi anayepita anataka kumpa mtoto kipande. "Kidogo tu hakimdhuru," ndiyo kauli inayosikika zaidi.

Kinamdhuru. Siliaki ni ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia utumbo mwembamba kila mara mtu anapokula gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai. Utumbo ulioharibika haufyonzi vizuri chakula, ndiyo maana mtoto anaweza kula sahani ikaisha na bado akakonda, akadumaa, akapungukiwa damu au akaharisha kwa miezi. Dalili hizo hufanana na za minyoo na utapiamlo, na wapo watoto wasioonyesha dalili yoyote huku utumbo ukiendelea kuumia. Inakadiriwa kuwa karibu mtu 1 kati ya 100 duniani ana ugonjwa huu. Hakuna dawa ya kuutibu. Tiba ni kuacha gluteni maisha yote, Krismasi ikiwemo.

Aliyeugundua uhusiano huo na ngano ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke. Wakati wa Vita Kuu ya Pili mkate ulipoadimika nchini kwake, hasa katika majira ya baridi ya njaa ya 1944 na 1945, watoto wenye siliaki walipata nafuu wakati wengine wakidhoofika kwa njaa. Mkate uliporudi, nao wakaugua tena. Dicke aliandika matokeo yake mwaka 1950, na tangu hapo ushauri haujabadilika.

Kwa familia zenye ndugu Uingereza, au zilizozoea vitu vya madukani Nairobi mwezi huu, kitafunwa cha Krismasi ni pai ndogo ya zabibu kavu na viungo, ile Waingereza wanayoiita mince pie. Zamani ilitiwa nyama ya kusaga. Siku hizi nyama haimo, limebaki jina. Kinachobaki mara nyingi ni mafuta magumu ya ng'ombe ndani ya mchanganyiko wa matunda, na hapo ndipo wazazi wengi hukamatwa. Mafuta hayo yanapouzwa yakiwa yamekatwakatwa, hunyunyiziwa unga wa ngano ili yasigandane. Mzazi anaweza kununua unga maalumu kwa bei kubwa, akakanda ganda safi kabisa la pai, kisha akalijaza ngano kwa kijiko kutoka kwenye chupa ya dukani. Nafuu ni kupika mchanganyiko huo nyumbani, na viungo vyake vinapatikana sokoni.

Zabibu kavu gramu 200 zinawekwa kwenye sufuria pamoja na tufaha moja lililokwanguliwa, sukari ya kahawia gramu 60, siagi gramu 50, maji ya chungwa moja na maganda yake yaliyokwanguliwa. Kijiko cha chai cha mdalasini, nusu kijiko cha tangawizi, karafuu iliyosagwa kidogo sana na kungumanga kidogo. Viungo hivi vinunuliwe vizima na kusagwa nyumbani, kwa sababu viungo vya unga vya kupimiwa sokoni huweza kuchanganywa na unga mwingine ili viongezeke uzito. Moto mdogo, dakika 10 hadi 15, mpaka zabibu zivimbe na maji yakauke. Unaachwa upoe kabisa. Ukikaa kwenye friji siku mbili tatu ladha inakuwa nzuri zaidi, kwa hiyo hii ni kazi ya kufanya mapema, kabla wageni hawajaanza kuingia.

Ganda la pai linahitaji uvumilivu. Gluteni ndiyo inayofanya unga wa ngano uvutike. Ikiondoka, donge linakatika kama mchanga mbichi. Unga wa mchele peke yake hutoa pai yenye chenga mdomoni, wa muhogo peke yake hunata, kwa hiyo huchanganywa: gramu 150 za unga laini wa mchele, gramu 100 za wanga wa mahindi, gramu 50 za unga wa muhogo. Sukari gramu 50, chumvi kidogo. Siagi baridi gramu 150 inasuguliwa humo kwa ncha za vidole hadi mchanganyiko uwe chengachenga, kisha yai moja na kijiko kimoja au viwili vya chakula vya maji baridi. Likishikana, donge hufungwa na kuwekwa kwenye friji nusu saa. Hatua hii isirukwe, maana unga wa mchele unahitaji muda wa kunywa maji.

Kulisukuma kama chapati ni kujitafutia hasira. Wengi hufaulu kwa kubandika vipande vya donge moja kwa moja kwenye trei ya keki ndogo na kuvitandaza kwa vidole hadi ukingoni. Cha kufunikia juu kinasukumwa kati ya karatasi mbili za kuokea na kukatwa umbo la nyota, ambalo halihitaji kufunika pai yote na likivunjika hakuna atakayejua. Kila pai hujazwa kijiko kimoja cha matunda. Oveni iwe nyuzi 180, dakika 20 hivi, mpaka kingo zibadilike rangi. Zinatoka kama pai 12. Zisiguswe zikiwa za moto, zinavunjika. Zikipoa huwa ngumu kiasi cha kushikika. Asiye na oveni anaweza kutumia ile njia ya keki ya mkaa: sufuria kubwa, makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko, na jicho lisitoke hapo.

Mapishi ni rahisi kuliko jiko lenyewe. Unga wa ngano huelea hewani na kutua kwenye vyombo, kwa hiyo siku ya pai hakukandwi chapati. Kifimbo na kibao vya mbao, mwiko wa zamani na chekecheo vina unga uliojificha kwenye nyufa na matundu, na kuosha hakutoshi; mtoto awe na vyake, vyenye alama. Mafuta yaliyokaangia maandazi yasikaangie chakula chake. Unga wa mchele uliosagwa kwenye mashine ya mtaani ambayo pia husaga ngano hauaminiki, hivyo ni salama zaidi kuosha mchele, kuukausha na kuusaga kwa blenda ya nyumbani. Unga wa lishe wa kuchanganywa nao usomwe vizuri, kwani mara nyingi ngano imo. Hata kimea kwenye vinywaji vya chokoleti ni shayiri.

Je, huku si kuzidisha? Utafiti kwa wagonjwa umeonyesha kuwa miligramu 50 za gluteni kwa siku, zikiliwa kwa miezi, zinatosha kuuumiza utumbo. Kipande kimoja cha mkate kina zaidi ya mara 20 ya kiasi hicho. Kiwango cha kimataifa cha bidhaa inayoruhusiwa kuandikwa "haina gluteni" ni kisichozidi miligramu 20 kwa kilo.

Kuna kosa moja la kuepukwa hasa mwezi huu. Mzazi anayeshuku tu, ambaye mtoto wake hajapimwa, asimwachishe ngano kwanza. Kipimo cha damu kinatafuta kingamwili ambazo mwili huzitengeneza mtu akiwa anakula gluteni. Akiacha, zinapungua, na majibu yanaweza kuonyesha hana ugonjwa ilhali anao. Apimwe akiwa anakula kama kawaida, kisha daktari aamue kama kipimo cha kamera kinahitajika. Mtoto mmoja akithibitika, wazazi na ndugu zake nao wapimwe, kwa kuwa karibu ndugu wa damu 1 kati ya 10 hukutwa nao.

Kwa familia za Kikatoliki lipo pia suala la hostia, ambayo ni ya ngano. Barua ya Vatican ya mwaka 2017 ilikumbusha kuwa hostia isiyo na gluteni kabisa haifai kwa Ekaristi, ila yenye gluteni kidogo inaruhusiwa, na asiyeweza hata hiyo anaweza kupokea divai peke yake. Padre aambiwe mapema, siyo kwenye foleni ya usiku wa mkesha, na kikombe cha mtoto kiwe kile ambacho hakijadondoshewa kipande cha hostia.

Wapo wazazi wanaooka trei mbili, ya ngano kwa wageni na ndogo ya mtoto. Inaonekana busara, lakini inaleta ngano jikoni siku ileile, na inamfanya mtoto awe mgonjwa mezani siku ya furaha. Trei zote ziwe za mchele. Wageni wakizila bila kuambiwa, wengi watauliza tu zimetiwa viungo gani.

Pai hukaa siku tatu au nne kwenye kopo lililofunikwa, na zinagandishika zikiwa mbichi. Siku ya kwenda kwa bibi, mtoto abebe zake kwenye kopo lake. Na zikiwekwa mezani nyumbani, achukue wa kwanza, kabla mkono uliotoka kwenye sahani ya sambusa haujaingia humo.