Haponi, au mnazitaka korosho zake?

Juzi kwenye harusi hapa Kilwa Masoko, mtoa mawaidha alituusia juu ya ndugu walioharibikiwa na akili. Mwenye wazimu haponi, alisema, hupoa tu. Mlisheni, msitirini, msimpe kazi wala pesa mpaka Mwenyezi Mungu amchukue. Watu wakaitikia. Mzee aliyekaa ubavuni kwangu akanigusa goti: "Umesikia, mwanangu? Hiyo ndiyo haki yao." Nilitoka na hasira ambayo bado ninayo.

Si kweli. Watu wanapona. Wako wanaopona wasirudiwe tena, na wako wanaoishi na maradhi yao kwa dawa, kama anavyoishi mwenye kisukari, wakilima na kulea watoto. Mwenye kisukari hatumnyang'anyi shamba. Kinachowaangusha wengi pwani hii ni sisi jamaa, tunaowapikia, kuwafungia mlango na kuwaamulia kila kitu, mpaka mtu mzima anasahau hata kujiwashia moto.

Mtoto wa shangazi yangu, katika kijiji kimoja kusini ya Nangurukuru, aliugua akiwa kijana. Usiku akipiga kelele, mchana akitembea barabara ya Lindi peku. Alichezewa ngoma ya pepo, mbuzi akachinjwa, mganga akalipwa. Mwisho alipelekwa hospitali ya Kinyonga, Kivinje, akaanzishiwa sindano ya kila mwezi. Miezi michache baadaye sauti zilinyamaza. Hapo ndipo angerudi shambani. Badala yake aliwekwa kwenye mkeka barazani, akakaa miaka. Analetewa ugali, anaondolewa sahani, anaambiwa alale. Akawa mzito, hasemi, hanyoi ndevu, na jamaa wakawa wanamnyooshea kidole: mnaona, haponi.

Na mikorosho aliyoachiwa na baba yake? Ilivunwa kila msimu. Korosho siku hizi zinapitia chama cha msingi, zinaingia ghalani kwa stakabadhi, zinapigwa mnada, malipo yanakwenda benki. Akaunti ilikuwa ya kaka yake. Hata laini ya simu ya mgonjwa ilikuwa mfukoni mwa kaka yake. Nikamuuliza, "Kaka, na mwenyewe anapata nini?" Akanijibu, "Kwani hali?"

Tangu siku ile, kila anayeniambia fulani haponi namuuliza jambo moja: nani anavuna mikorosho yake? Nani anakaa kwenye nyumba yake? Mara nyingi anayetangaza kwamba ndugu yake haponi ndiye ambaye ndugu akipona atampa hasara.

Aliyemtoa barazani ni dada yake, mkulima wa mwani. Alimchukua kwake ufukweni, akamkalisha chini ya mkungu na furushi la tai-tai, vijikamba vya kufungia mwani, na kamba, akamwonyesha kufunga vipande vya mwani. Siku za mwanzo mafundo yalilegea, maji yakaondoka na mbegu. Dada hakumfungia. Alimpa tai-tai nyingine akasema, funga tena. Bamvua likaja, likampa ratiba ambayo baraza haikumpa: maji yakitoka alfajiri, uwe umeamka. Akaanza kuamka mwenyewe. Kwa pesa yake ya kwanza alinunua kandambili, kisha akaenda kusajili laini kwa vidole vyake. Sindano anachoma hadi leo. Aliwahi kurudiwa, akarudishwa Kinyonga, akatoka, akaingia tena majini kufunga mwani.

Wala si jambo geni nchini. Lutindi, kule Korogwe, wagonjwa wa akili wamekuwa wakifanya kazi za shamba na mikono kama sehemu ya tiba kwa vizazi kadhaa. Baada ya Uhuru vikaanzishwa vijiji vya wagonjwa kulima na kujitegemea, kama Hombolo huko Dodoma na Vikuruti. Waliotutangulia walijua jembe lina kazi yake katika kupona. Sisi tumebaki na mkeka.

Wananiambia, akishika pesa atazipoteza. Twendeni basi wakati wa mauzo ya ufuta tukawatazame wenye akili timamu mbele ya mashine za kamari, wanaume wazima wanaotia sarafu moja moja huku ada ya mtoto haijalipwa. Mashine hizo zimejazana mpaka njia za wanafunzi. Mbona hao hatuwanyang'anyi mashamba?

Na kwa kuwa uonevu huu umevishwa kanzu, tuifuate dini mpaka mwisho. Suratun Nisaa, aya ya 5, inakataza kuwakabidhi mali wasio na busara, na papo hapo inaamrisha walishwe na wavishwe kutokana nayo na waambiwe maneno mema. Aya inayofuata, ya yatima, inaamrisha wajaribiwe, na wakionekana wamepevuka warudishiwe mali yao. Kaka yule alimjaribu ndugu yake lini? Kwa kipimo gani?

Sheria nayo ipo. Chini ya Sheria ya Afya ya Akili ya 2008, kusimamia mali ya mgonjwa ni jambo la mahakama, halimwangukii kaka mkubwa kwa kuwa tu amezaliwa mapema. Asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri imetengwa kuwakopesha watu wenye ulemavu bila riba, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inatambua pia ulemavu wa akili. Lakini mtu aliyewahi kuugua akili akifika kuomba, daftari linafungwa kabla hajamaliza salamu.

Minada ya korosho kwa kawaida huanza Oktoba. Viongozi wa vyama vya msingi wa Kilwa na Lindi, fungueni daftari la wakulima sasa. Kila shamba ambalo mwenyewe anasemekana "ni mgonjwa", mwiteni mwenyewe, aje na dada yake au yeyote anayemwamini, aulizwe kwa kinywa chake malipo yaende wapi. Anayepokea fedha kwa niaba yake alete karatasi ya mahakama. Asiyenayo, fedha zisiingie kwake.