Lenzi Moja Inamtosha Kijana wa Uroa

KUPWA NA KUJAA
Na Mwanakombo wa Uroa

Hakuna lenzi ya watu wa shamba. Ipo lenzi inayofanya kazi iliyonunuliwa, na ipo inayokaa mkobani ikisubiri kusifiwa. Naanza na hilo kwa sababu wiki hii nimelisikia neno hilo likitamkwa pwani kwetu, mbele ya kijana aliyejinyima mpaka akapata kifaa chake, na tokea siku ile moyo wangu haujatulia.

Tulikuwa katika siku za bamvua. Maji yalikuwa yametoka mbali, pwani yote iko wazi mpaka karibu na mwamba, na wanawake wa mwani wameshateremka, kila mmoja na kamba zake na fungu la taitai, vile vikamba vya kufungia mwani. Kusi inavuma kwa nguvu, nasi wa upande huu wa kisiwa tunaipokea kifuani. Hoteli moja ilikuwa imewaleta wapiga picha wawili kutoka mjini waje wapige picha za matangazo yake. Walikuja na mikoba mizito na viatu vya kufunga kamba, wakaanza kutuuliza maji yatarudi saa ngapi. Sikuona ubaya, mgeni huuliza.

Pale pale alikuwepo kijana wa jirani yangu, mtoto niliyemuona akianza skuli. Ana Canon iliyotumika na lenzi moja tu, ya milimita 18 mpaka 200. Ni Tamron, ile iliyotoka mwaka 2015, gramu 400 kwa uzito. Ilipotoka ikiuzwa takriban dola 250 kule nje, na yeye ameipata iliyotumika kwa pesa pungufu ya hizo. Pesa yenyewe aliikusanya kwa kuuza pweza na kupiga watu picha za paspoti, na kabla ya hapo alifanya kazi na lenzi ndogo iliyokuja na kamera, ile ya 18 mpaka 55 ambayo ukiielekeza kwenye mwamba ngalawa inatoka kidoa.

Mmoja wa wale wageni aliitazama lenzi ya kijana, akacheka, akamgeukia mwenzake. "Hii ndiyo lenzi ya watu wa shamba," akasema. "Inafanya yote, na haifanyi hata moja vizuri."

Kijana alinyamaza kwa adabu. Mimi nilimeza maneno yangu kwa sababu nilikuwa na watu, lakini leo niko kwenye safu yangu.

Tazameni kilichofuata. Yule bwana alikuwa na lenzi fupi kwenye kamera, anapiga mikono ya wanawake wakifunga mwani. Kazi nzuri, sina neno. Ghafla ngalawa ikatokea kwenye mlango wa mwamba, tanga limejaa, inakuja. Akachutama, akaipa kusi mgongo, akaweka mkoba chini, akafungua zipu, akatoa lenzi ndefu, akavua kifuniko cha nyuma, akakishika kwa meno. Akaivua ile fupi. Hapo kamera ikabaki wazi, na mchanga wetu wa Uroa, mweupe na laini kama unga, ukaruka kutoka juu ya pwani pamoja na manyunyu ya chumvi. Alipomaliza kufunga, ngalawa ilikuwa imeshatua tanga na nahodha anashuka majini.

Kijana hakuondoka alipokuwa. Alikuwa ameinama kwa mama mmoja aliyemwomba ruhusa, anampiga vidole vikikaza fundo la taitai juu ya kamba, lenzi iko kama milimita 35 hivi. Aliposikia makelele akasimama, vidole vya mkono wa kushoto vikazungusha pete ya lenzi, bomba lake likatoka mbele, akapiga. Ngalawa ikajaa kwenye picha, tanga lina kiraka cha buluu pembeni na yule wa nyuma ameng'ata kamba. Kisha akairudisha pete, akawapata watoto wanaoikimbilia ngalawa. Yote haya ni kufumba na kufumbua. Wasomaji wangu wa Chwaka, mimi na nyinyi tunajuana, msianze tena kuniandikia ngalawa za nani zina mbio; ya siku ile ilikuwa ya Uroa.

Jioni picha za wageni zilifunguliwa kwenye kompyuta. Kila yenye mbingu ina madoa meusi, mahali pale pale, picha baada ya picha. Hilo ni vumbi lililotua kwenye sensa. Litasafishwa, na madoa yatafutwa moja moja mezani, lakini ngalawa haitarudi nje ya mwamba ili iingie upya.

Najua watakalonijibu. Watasema lenzi ya namna hii, ikivutwa mpaka 200, haitoi picha kali pembeni. Ni kweli. Watasema kwenye 18 mstari wa bahari unapinda. Kweli pia, na dawa yake ni kuuweka mstari huo katikati ya picha au kuunyoosha kwenye kompyuta. Watasema tundu lake ni dogo, kwamba ukivuta mpaka mwisho unabaki na f/6.3. Jamani, nani anahitaji tundu kubwa Uroa saa sita mchana? Kwa jua letu kijana anapiga kwa f/8, ISO 200, kasi ya sehemu moja kwa 800 ya sekunde, na ngalawa inasimama kimya kwenye picha. Kwa tundu hilo, isitoshe, hata zile pembe zinazosemwa vibaya zinakaza kidogo. Mtu anayehukumu lenzi kwa kupiga picha ukuta wa matofali, kamera imefungwa kwenye miguu mitatu, anahukumu kazi nyengine. Ukuta hautembei, na wala haumrushii mchanga.

Dharau hii naijua inakotoka: inatoka dukani. Muuzaji akikuuzia lenzi moja amepata faida moja. Akikwambia kwamba mpiga picha wa kweli hachanganyi, anatumia fupi yake na ndefu yake, amekuuzia mbili na mkoba wa kuzibebea. Kijana huyu mwenyewe, alipokwenda mjini kutafuta, aliambiwa achukue ndefu ya bei nafuu ya 75 mpaka 300. Haina kituliza mtikisiko, na inaanzia mahali ambapo mama aliye mbele yako, hatua mbili tu, hatoshi kwenye picha. Alikataa. Nilifurahi alipokataa.

Na wala tusijifanye kwamba picha nzuri za Unguja zilianza na mikoba mizito. Nendeni Barabara ya Kenyatta, Mji Mkongwe, mkaitazame Capital Art Studio. Ranchhod Oza aliifungua mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaja kuishika baada yake. Ukutani mna Unguja ya zamani, bandari na madau, harusi, watawala wa zama zile, watu wa kawaida waliovaa vizuri kwa ajili ya picha. Lenzi ya kwanza ya kuvuta kwa kamera za filamu ya milimita 35, Zoomar ya Voigtländer, ilitoka mwaka 1959, na ilivuta kutoka 36 mpaka 82 tu. Kwa hiyo kwa miaka karibu 30 ya mwanzo, mzee yule hakuwa na cha kuzungusha. Alikwenda kwa miguu yake mpaka alipo mtu. Lenzi iliyojumuisha upana na urefu kwa kiasi cha kuitosha safari nzima, Tamron ya 28 mpaka 200, ilikuja mwaka 1992. Hata hiyo ilichekwa, na hata hiyo ilinunuliwa.

Wengine watasema: basi angeongeza pesa akachukua kubwa zaidi. Sigma walitoa ya 18 mpaka 300, gramu zake 585. Tamron walitoa ya 18 mpaka 400 mwaka 2017. Hiyo imezidi gramu 700, na bei yake ilipotoka ilikaribia dola 650. Ni lenzi nzuri, sizikatai. Lakini kwenye kamera yenye sensa ndogo kama yake, 200 inakuonyesha kile ambacho 300 ilionyesha kwenye filamu, zaidi kidogo hata. Inafika kwenye mwamba wetu. Pesa iliyobaki ni ya betri ya pili, kadi ya akiba, na nauli ya kwenda kuwaonyesha watu kazi yake.

Nimeisifu kwa mchana, nitaje na usiku, maana hapo ndipo lenzi hii inaposhindwa na sitawaficha. Harusi zetu ni za usiku, taa ni za rangi, na kwenye f/6.3 bibi harusi anatoka kiza au ametikisika. Wapiga picha wa harusi wanalijua hili. Dawa si kumdharau mwenye lenzi moja. Akishapata kazi mbili tatu aongeze ile ndogo ya milimita 50, f/1.8, ambayo Canon walitoa toleo jipya mwaka 2015, nyepesi na ya bei ya chini kuliko karibu zote. Usiku anaivaa hiyo akiwa chumbani, mlango umefungwa, na mpaka asubuhi haivui. Mchana anarudi kwa yake.

Vijana wa Marumbi na Pongwe wameshaanza kuniuliza, kwani khabari zetu hazilali. Mkinunua iliyotumika, msinunue kwa jina lililoandikwa mbele. Washeni tochi ya simu, mmulike lenzi kwa nyuma, mtazame kwa mbele. Mkiona nyuzi nyeupe zinazotambaa kama mizizi, hiyo ni kuvu, iacheni palepale hata ikishushwa bei. Zungusheni pete polepole, karibu na sikio. Ikisaga, imeshaingia mchanga wa mtu mwengine. Ielekezeni chini, muone kama bomba linateremka lenyewe. Ulizeni imetengenezwa kwa kamera ipi, maana ya Canon haikai kwenye Nikon. Na wenye zile Nikon ndogo za 3000 na 5000, hakikisheni lenzi ina mota yake ndani, kwa sababu kamera hizo hazina, na lenzi za zamani zitakulazimisheni kutafuta ukali wa picha kwa mkono.

Mkifika nyumbani, msiilaze kwenye mkoba wa ngozi kabatini. Unyevu wa pwani yetu na kiza cha kabati ndivyo kuvu inavyovitaka. Kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, vinatosha. Chumvi ipanguseni siku ile ile, kwa kitambaa kilichotiwa maji matamu kidogo, si kwa ncha ya kanga.

Na jengine, la uzito wake. Lenzi inayovuta haikumpa mtu ruhusa. Wageni wamezoea kukaa kwenye baraza za hoteli zao wakawavuta wanawake wa mwani kutoka huko, nguo zimelowa, migongo imeinama, na wenyewe hawajui kwamba wamepigwa. Nimelima mwani miaka mingi. Najua mtu anavyojisikia akija kujiona kwenye kadi ya posta dukani. Hapa kwetu mlangoni kwa mtu unapiga hodi, na uso wa mtu pia ni mlango wake. Kijana wangu aliomba kwanza. Mama yule akamwambia subiri nijifunge kanga yangu vizuri, akajifunga, akamwambia haya. Picha ile ina heshima kwa sababu hiyo, na hakuna milimita zinazoweza kuileta kutoka barazani.

Sasa nimalizie hesabu, maana bado haijafungwa. Siku ya pili wale mabwana wawili walirudi kwa kijana. Hawakucheka. Walimwomba ile picha ya ngalawa, kwa sababu hoteli ilitaka ngalawa na wao hawakuwa nayo. Kijana, kwa ukarimu aliolelewa nao, akawatilia kwenye kadi yao, na ile ya fundo la taitai pia. Wakamshukuru, wakapanda gari, wakaenda mjini. Hawakumlipa, na hawakumuuliza hata jina lake kamili.

Meneja wa hoteli, unanisoma, najua, kwa sababu gazeti hili linakaa mezani kwako kila wiki. Picha mbili ulizoletewa kwa ajili ya tangazo lako zimepigwa na mtoto wa kijiji hichi kwa lenzi iliyochekwa mbele ya watu wake. Ukizitumia, mlipe kama ulivyowalipa walioletwa na gari, na jina lake liandikwe chini ya kila moja. Nyumba yake unaijua. Iko nyuma ya ukuta wako.