GOTI SI MEZA YA FUNDI



Katika machimbo ya kasiterite ya Maniema kila mtu anajua sheria: kaske kichwani, bote miguuni, na shimo halishukiwi kabla ya kukagua miti inayoshikilia udongo. Lakini siku ya Mungu, tukiwa nyumbani Lokandu, tunafanya nini? Tunachukua mbao ya kitanda au ya mlango, tunaiweka juu ya goti, tunamwita mtoto ashike upande wa pili, kisha tunaanza kukata. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo. Alama ya msumeno iko kwenye goti langu la kushoto hata leo.

Kwa hiyo ninasema wazi: anayekata mbao nyumbani awe kwanza na treto mbili.

Treto ni boriti fupi yenye miguu minne. Boriti iwe ya sentimita 90 hivi, na miguu sentimita 55, ili mbao ifike karibu na kimo cha goti. Hapo unaikandamiza kwa goti na kukata bila kuumiza mgongo. Miguu ipanuke chini kuliko juu; ikisimama wima, treto itaanguka ubavuni. Kila mwisho, funga miguu miwili kwa kipande cha mbao. Toboa tundu dogo kabla ya kupiga msumari, mti usipasuke. Halafu ikalie. Ikiyumba, itengeneze kwanza.

Usikate katikati ya treto mbili. Mbao inalegea, mpasuo unajifunga na kubana msumeno, ukiulazimisha, unaruka. Kata nje ya treto, kipande kianguke chenyewe.

Wengine watasema: baba yangu alikata juu ya jiwe mpaka uzee. Vizuri, tumshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini je, wale waliokatwa vidole, nani aliwahesabu? Wengine watasema mbao ni ghali. Treto inatoka katika mabaki ya kazi ya jana. Na mtoto je? Vidole vyake viko karibu na meno ya msumeno, na wenzake wakimwita anageuza kichwa. Treto haigeuzi kichwa.

Neno moja juu ya vumbi. Mvule, ambao Kongo wengi huuita kambala, ni mti mzuri, lakini vumbi lake huwasha ngozi na kifua. Tena tangu 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa kansa limeweka vumbi la mbao katika orodha ya vitu vinavyoleta kansa. Kata nje, penye upepo, funga kitambaa puani, na watoto wakae mbali.

Ukikatwa, au ukichomwa na msumari, usipake udongo wala majivu. Osha kwa maji safi na sabuni, uende kwa munganga siku hiyo hiyo, maana pepopunda huingia hata kwa jeraha dogo.

Mama, ukimwona bwana anaweka mbao juu ya goti, mwulize treto iko wapi. Si kumdharau. Ni chakula cha watoto unachokilinda. Mkono uliokatwa siku ya Mungu hautashika sururu siku ya kwanza ya kazi.